Glock 19 iliyotumika na vipuri vya bei nafuu: pesa iende wapi kwanza

Kwa mwenye leseni Uganda ambaye mfuko wake haumruhusu kununua bastola mpya, Glock 19 ya kizazi cha tatu iliyotunzwa vizuri ni chaguo la kuaminika. Bastola ya kwanza ya Gaston Glock wa Austria, namba 17, ilitoka mwaka 1982, na hii 19 ikafuata mwaka 1988 ikiwa fupi kidogo, na magazini ya risasi 15. Haki za uvumbuzi za kizazi cha tatu zimeshakwisha muda, kwa hiyo viwanda vingi vinatengeneza vipuri vinavyoingia humo bila shida. Wingi huo ndio faida yake, na ndio unaowamaliza watu pesa. Nusu ya vinavyouzwa ni pambo, na baadhi vinaharibu bastola ambayo ilikuwa inafanya kazi vizuri.

Msimamo wetu ni huu: anza na springi, kisha magazini, kisha saiti (vilengeo vya juu), kisha holsta (mkoba wa kubebea bastola). Mtutu, pini ya kupigia na triga viache kama vilivyotoka kiwandani.

Sababu ya kwanza ya kuacha mtutu ni ya hapa nyumbani. Sheria ya silaha ya mwaka 1970 inakupa idhini ya silaha moja yenye namba yake. Tena, Juni 2018 Rais Museveni alipolihutubia Bunge kuhusu usalama, moja ya hatua alizotangaza ni bunduki zote nchini kuchukuliwa alama, kama mtu anavyochukuliwa alama za vidole. Alama hizo zinatoka kwenye chuma chenyewe. Mtutu unakwaruza risasi inapopita. Pini inaacha kidonda kwenye fataki ya ganda. Uso wa slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele), ekstrakta inayochomoa ganda na ejekta inayolitupa nje, kila kimoja kinaacha mkwaruzo wake. Mitutu ya Glock ya kizazi hiki haina mifereji yenye kona kali ndani, kwa hiyo risasi yake haisomeki kirahisi, na ganda linabeba sehemu kubwa ya ushahidi. Ukibadilisha mtutu, pini, ekstrakta au ejekta kimyakimya, bastola iliyo kiunoni mwako hailingani tena na iliyo kwenye rekodi. Siku ikichunguzwa, utakuwa na maelezo magumu ya kutoa. Kimoja kati ya hivyo kikivunjika, peleka taarifa polisi kwa maandishi, kazi ifanywe na fundi silaha anayetambulika, na nakala ya barua uiweke pamoja na leseni.

Hata springi usiagize kutoka nje kabla ya kuuliza polisi na forodha. Wauzaji wengi wa Marekani hawatumi vipuri vya silaha nje ya nchi yao bila kibali, na kifurushi kinachozuiliwa Entebbe kinaweza kukugharimu kuliko kilichomo. Njia isiyo na maumivu ni kumwagiza muuza silaha mwenye leseni akuletee, hata akiongeza faida yake juu.

Na Katwe, mtaa wa mafundi chuma jijini Kampala, je? Mafundi wa Katwe wanaunda karibu kila kitu cha chuma, tena kwa ustadi. Lakini bastola usiwapelekee, hata kwa kazi ndogo ya kugonga pini. Unamtia fundi wa watu hatarini kisheria, na wewe mwenyewe umeiachia silaha yako mikononi mwa asiye na leseni.

Kabla ya kununua

Tazama namba kwanza. Glock inayo sehemu tatu: kwenye kibamba cha chuma chini ya fremu (mwili wa bastola wenye kishikio) mbele, kwenye slaidi na kwenye mtutu. Zote tatu zifanane, na zilingane na karatasi za muuzaji. Kibamba kilichochubuliwa au kuyeyushwa pembeni, rudisha bastola na uondoke.

Kisha uifungue. Hapa pana hatari ambayo lazima isemwe wazi, kwa sababu Glock haifunguki mpaka triga ivutwe. Ondoa magazini kwanza. Vuta slaidi nyuma uikomee ikiwa wazi, tazama ndani ya chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa), halafu ingiza kidole uhakikishe ni tupu. Mpangilio huo usibadilike kamwe: anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini anaitoa risasi moja na kuingiza nyingine, akidhani amemaliza. Halafu elekeza mtutu kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu, ndipo uvute triga. Sasa rudisha slaidi nyuma kama milimita 3 tu, shusha kile kikufuli kidogo cha slaidi kwenye fremu, pande zote mbili, na slaidi itatoka kwa mbele. Ukiivuta zaidi ya hapo triga inajirudisha, na utalazimika kuanza upya.

Ndani, tazama reli nne fupi za chuma kwenye fremu. Zisiwe zimepinda wala kupasuka, na polima (plastiki ngumu ya fremu) inayozizunguka isiwe na nyufa. Tazama vitundu vya pini: polima iliyoumuka au kuwa na mstari mweupe inaonyesha mtu aligonga kwa nguvu mahali pasipohitaji. Ukucha wa ekstrakta uwe mkali, usiwe umemeguka. Mwisho, jaribu springi kubwa. Unganisha bastola tupu, ielekeze juu kwa mshazari, vuta triga na uishikilie, rudisha slaidi mpaka mwisho kisha iachie polepole. Slaidi lazima ijifunge yenyewe hadi mbele kabisa. Ikisimama njiani, springi imechoka. Hilo peke yake si sababu ya kuacha kununua, ila ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Springi

Hakuna kipuri kinacholipa kama hiki. Springi ya kurudishia slaidi kwenye kizazi cha tatu hubadilishwa baada ya risasi 3,000 hadi 5,000, na bastola iliyotumika haina daftari la kukwambia imepiga ngapi. Badilisha tu. Ya kiwanda inauzwa karibu dola 10 Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Ongeza springi ya triga na ile ndogo bapa inayosukuma kikufuli cha slaidi. Hizo ni za bei ya chini kabisa, na ndizo huvunjika bila kutoa dalili.

Utauziwa fimbo ya chuma badala ya ile ya plastiki inayobeba springi, na utaambiwa inapunguza mshtuko. Inaongeza uzito kidogo mbele, basi. Ile ya plastiki inapinda kidogo inapohitajika na haivunjiki katika matumizi ya kawaida. Mbaya zaidi, fimbo nyingi za chuma zinakuja na springi laini au ngumu kuliko ya kiwanda. Laini inaifanya slaidi igonge fremu kwa nguvu. Ngumu inazuia slaidi kurudi nyuma kikamilifu kwa risasi dhaifu, na ganda linanaswa mlangoni.

Pini za fremu ni tatu kwenye kizazi hiki, na zinatolewa kwa panchi ya milimita 2.4 hivi, yaani sehemu ya 3/32 ya inchi. Ya juu, ya kibloku cha kufungia, inatoka kwanza na inarudi mwisho. Pini ya triga chini yake ina mfereji ambao unashikwa ndani. Isipotoka, tikisa kikomeo cha slaidi (kile kinachoiacha wazi) mbele na nyuma huku ukisukuma, nayo itaachia. Usichukue nyundo kubwa. Pini hizi husukumwa kwa mkono au kwa kugongwa kidogo sana, na vitundu vingi vilivyoumuka tunavyoviona vimetokana na mtu aliyesahau mpangilio huu.

Magazini

Bastola ikikwama, wa kwanza kulaumiwa awe magazini. Ya kiwanda inauzwa kati ya dola 25 na 30 Marekani. Za Magpul ni nafuu zaidi na zinafanya kazi vizuri, ila ukuta wake ni plastiki tupu, hauna chuma ndani kama ya Glock, kwa hiyo kwa kubeba kila siku tunapendelea ya kiwanda. Magazini feki zinatambulika kwa mdomo: midomo miwili ya juu inayoshika risasi haina urefu sawa, au plastiki ina ndimi zilizoachwa na kalibu. Jaza risasi 15 kisha uiingize kwenye bastola huku slaidi ikiwa imefungwa. Ikigoma kushika, springi yake imebanwa mno au mwili umevimba.

Magazini ya zamani ya kiwanda yenye mwili mzima huhitaji springi mpya tu. Dalili ya springi iliyochoka ni slaidi kutobaki wazi baada ya risasi ya mwisho.

Saiti

Hapa ndipo mtumiaji anapata faida anayoiona kwa macho, na ndipo makosa mengi yanafanyika. Saiti za kiwanda ni za plastiki, zenye nukta nyeupe mbele na umbo la kikombe cheupe nyuma. Zinalika pembeni kwa kuingia na kutoka kwenye holsta. Hata hivyo, kama hazijalika, usikimbilie kununua. Chukua kalamu ya wino mweusi usiofutika, funika kile kikombe cheupe cha nyuma. Safisha saiti ya mbele kwa spiriti, paka rangi ya kucha nyeupe, iache ikauke kabisa, kisha juu yake paka ya rangi ya chungwa iliyokolea. Nyeupe chini ndiyo inayoifanya chungwa ing'ae, kwani moja kwa moja juu ya plastiki nyeusi rangi inafifia. Jicho sasa linakwenda mbele lenyewe, pale linapotakiwa kuwa, na gharama yake haizidi ya soda chache.

Ukiamua kununua za chuma, chagua zile za kawaida nyeusi zenye saiti ya mbele nyembamba, milimita 3.2 hivi. Seti zenye mwanga wa tritiamu ni nzuri usiku, lakini angalia umri. Tritiamu inapoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 12 na miezi michache, kwa hiyo seti iliyotumika yenye umri wa miaka 12 hivi imebaki na nusu ya mwanga wake, na haistahili bei ya mpya.

Saiti ya mbele inashikwa na skrubu moja kutoka ndani ya slaidi, kichwa chake ni cha pembe sita cha 3/16 ya inchi, yaani milimita 4.76. Spana ya milimita 5 inaonekana kuingia. Inaacha nafasi ya robo milimita, inateleza, na kichwa kinakuwa mviringo. Tafuta kifaa chake chenyewe chenye ukuta mwembamba. Safisha uzi wa skrubu kwa spiriti, tia tone moja la gundi ya skrubu ya bluu, si nyekundu, kwani nyekundu haitoki mpaka ichomwe moto. Kaza kwa vidole viwili tu. Skrubu hii ni ndogo kuliko punje ya mchele na inakatika shingoni ukiikaza kwa nguvu. Iache saa 24 kabla ya kupiga. Halafu paka wino juu ya mtutu, unganisha, vuta slaidi mara kadhaa, ufungue tena. Ukiona mstari umekwaruzwa kwenye wino, skrubu ni ndefu na inagusa mtutu. Ipunguze kwa tupa, la sivyo bastola itakwama na kulenga ovyo.

Ya nyuma inaingia kwenye mfereji kwa kubanwa. Ya plastiki inasukumika kwa panchi ya nailoni. Ya chuma inataka kifaa cha kusukumia saiti, ambacho fundi silaha huwa nacho, na ni vizuri kumlipa. Kwa mkono saiti iingie theluthi moja ya mfereji, kilichobaki kisukumwe. Ikikataa hata hapo, piga tupa sehemu ya chini ya saiti mara mbili tatu, ujaribu tena. Usiguse mfereji wa slaidi kwa tupa. Saiti ikilegea utanunua nyingine, lakini mfereji ukipanuka hakuna tena saiti itakayoshika.

Kurekebisha ni hesabu nyepesi. Sogeza saiti ya nyuma upande unaotaka risasi iende. Kati ya saiti mbili za Glock 19 kuna sentimita 15 hivi, kwa hiyo ukisogeza nusu milimita, kwa umbali wa mita 15 risasi inahama karibu sentimita 5. Urefu nao vivyo hivyo. Saiti ya nyuma ya kawaida ni milimita 6.5, na ukiweka ya 6.9 risasi inapanda kama sentimita 4 kwa umbali huohuo. Kabla ya kusogeza chochote, mwombe mpigaji mwingine mwenye mkono mtulivu apige risasi tano akiegemea mfuko wa mchanga. Mara nyingi bastola inayodaiwa kupiga kushoto ina kidole kinachovuta triga vibaya, na saiti haina kosa.

Kishikio

Mkono ukitoka jasho, polima ya kizazi cha tatu inateleza. Kipande cha tubu ya baiskeli chenye urefu wa sentimita 7, kikivutwa juu ya kishikio kikavu, kinashika vizuri mno. Kikae chini ya kitufe cha kutolea magazini, na ukingo wake wa chini usizibe mlango wa magazini. Kukiingiza tumia spiriti badala ya sabuni, maana spiriti inakauka na mpira unabaki pale. Wanaochoma nukta kwenye polima kwa kichomeo cha kulehemu bati wanapata mshiko mkali kweli, lakini ukuta ni mwembamba, thamani ya kuuza inaanguka, na mkono ukiteleza karibu na kibamba cha namba umejiletea kesi.

Vya kuacha

Triga nyepesi ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo tunayoipinga kwa nguvu zote. Uzito wa kiwanda ni kama kilo 2.5, na Glock haina kufuli la usalama la kidole gumba. Uzito huo na umbali wa kuvuta ndio ulinzi wako unapokuwa umebanwa kwenye teksi au umekaa nyuma ya boda. Kama triga inakwaruza, isafishe, na tia tone moja la mafuta pale mkono wa triga unapokutana na konekta (kipande kidogo cha chuma) nyuma kulia. Utashangaa.

Kitufe kirefu cha magazini kinabonyezwa na kiti cha gari, magazini inashuka bila wewe kujua. Kikomeo kirefu cha slaidi kinaguswa na kidole gumba, slaidi inakosa kubaki wazi. Taa za bei ya chini huzimika baada ya mishtuko michache, na zinabadilisha umbo la holsta unayohitaji.

Holsta

Kigezo ni kimoja kwanza: ifunike kinga ya triga yote, kwa kitu kigumu kisichobonyea. Plastiki ngumu ya kaideksi inafanya hivyo. Ngozi iliyoshonwa na fundi wa viatu mzuri inaweza kufaa, lakini itiwe kipande kigumu mdomoni. Ngozi ikilainika kwa jasho, mdomo unakunjika ndani, na bastola ikirudishwa ule mkunjo unaingia kwenye kinga na kubonyeza triga. Usimwachie fundi bastola apimie. Chonga mfano wa mbao wenye vipimo sawa, au tumia bastola ya mpira ya mafunzo. Kwa wanaopanda boda kwenye barabara za marram, ijaribu kwa bastola tupu: ishike holsta juu ya godoro, igeuze juu chini, itikise. Isidondoke.

Jasho na vumbi jekundu havipatani na mafuta mengi. Futa kila wiki. Tone moja kwenye kila reli, moja juu ya mtutu, na lile la konekta, basi. Njia ya pini ya kupigia ibaki kavu kabisa, kwani mafuta na vumbi humo hufanya tope, pini inapiga taratibu na risasi hailipuki. Mafuta ya injini yaliyotumika yana chembe za chuma, kwa hiyo usiyatie hata kwa dharura.

Kujaribu

Kabla ya risasi halisi, bastola tupu: bonyeza pembeni mwa triga bila kugusa ulimi wa katikati, isisogee. Vuta triga usikie mlio, ishikilie, vuta na kuachia slaidi, kisha legeza kidole taratibu mpaka usikie triga ikirudi. Ingiza magazini tupu, vuta slaidi, ibaki wazi. Kimoja kikikosekana, usipige.

Uwanjani, anza na risasi mbili tu kwenye magazini, kisha tano, kisha jaza. Kila magazini ipitishe walau risasi 50 za aina utakayobeba, maana risasi ya greni (kipimo cha uzito wa risasi) 115 na ya 124 hazipigi mahali pamoja wala hazisukumi slaidi sawa. Andika kwenye karatasi kila mkwamo, magazini namba ngapi, risasi ya ngapi. Maganda yakikurukia usoni, kagua kwanza ukucha wa ekstrakta kama una uchafu, halafu mshiko wako. Mkwamo ukifuata magazini ileile kila mara, iwekee alama ya rangi nyekundu chini na ibaki ya mazoezi tu.